Amazon hakuna magofu, kuna mahame: udongo mweusi, muhogo mchungu na watu waliosemwa hawakuwepo

Ukiwatajia watu Amazon picha inayowajia wengi ni ileile, miti isiyoisha, mto mkubwa, mvua, nyoka, na pengine watu wachache waliojificha huko ndani wasiotaka kuonana na mtu. Msitu ambao haujaguswa tangu dunia iumbwe. Mimi mwenyewe nimekua na picha hiyo na nilikaa nayo miaka mingi mpaka nilipoanza kusoma habari za udongo wa kule, ndo nikaona hili jambo lina mafundo kwelikweli, mana kila mtu kashika kipande chake, mmoja anasema kulikuwa na miji mikubwa imezikwa, mwingine anasema hayo ni maneno ya wasaka dhahabu, mwingine anachanganya Ecuador na Bolivia kana kwamba ni mtaa mmoja. Bonde lenyewe lina ukubwa wa kilometa za mraba kama milioni 6 au 7 hivi kutegemea nani anapima, limegusa Brazil, Peru, Bolivia, Ecuador, Colombia na nchi nyingine, kwa hiyo ukisikia mtu anasema "watu wa Amazon walikuwa hivi" muulize kwanza wa wapi na wa lini.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa sababu kina maneno mawili tofauti. Gofu ni jengo lililobaki kuta, unaliona kwa macho, unapiga picha. Hame ni mahali palipohamwa, watu walikaa wakaondoka, na pengine hakuna hata jiwe lililosimama. Walioenda Amazon kwa karne kadhaa walikuwa wanatafuta magofu. Mwingereza Percy Fawcett alipotelea huko mwaka 1925 akitafuta mji aliouita Z, na kichwani alikuwa na picha ya majengo ya mawe. Sasa sehemu kubwa ya bonde hili mawe ya kujengea ni shida kuyapata, watu walijenga kwa miti, majani na udongo, na hali ya joto na unyevu ule mti unaoza, jani linaoza, hata mifupa inaliwa na tindikali iliyomo ardhini. Kilichobaki ni mahame, na hame la Amazon unalijua kwa kuangalia chini.

Chukua mfano huu. Ukichimba shimo sehemu ya kawaida ya msitu, mbali na kingo za mto, utakuta majani yanayooza juu kidogo, kama kiganja tu, halafu unaingia kwenye udongo wa njano au mwekundu, mzito, wenye tindikali, mvua ya miaka na miaka imeshaosha karibu kila kitu ambacho mmea ungekula. Utajiri wote wa msitu uko kwenye miti yenyewe, jani likianguka mizizi inalidaka kabla halijafika mbali. Sasa nenda kwenye kingo za juu karibu na Iranduba, jirani na Manaus pale mto Rio Negro unapokutana na Solimões, ndilo jina la mto Amazon wenyewe kabla ya kufika hapo, uchimbe tena. Udongo ni mweusi kama masizi. Ukiuvunja mkononi unakutana na chembe za mkaa, vigae vya vyungu vingine vina rangi bado, miiba ya samaki, vipande vya magamba ya kobe, unaendelea kushuka na bado ni mweusi, sehemu nyingine mpaka mita 2. Halafu ghafla njano inarudi. Wabrazil wanauita terra preta de índio, yaani udongo mweusi wa Wahindi, jina ambalo Wazungu waliwabandika wenyeji wa Amerika, na wakulima wadogo wa kule hawahitaji profesa kuwaambia uko wapi, wanaujua, wanapanda mapapai na mboga humo bila mbolea na yanakubali.

Udongo huu haukushuka toka mbinguni, ni jalala. Nasema jalala kwa heshima zote. Watu wanakaa mahali miaka mia, mia mbili, kila siku wanafagia jikoni, majivu, mkaa, maganda ya muhogo, mifupa ya samaki, vyungu vilivyovunjika, kinyesi, vyote vinatupwa nyuma ya nyumba. Mifupa inaleta fosforasi na kalsiamu, majivu yanapunguza tindikali, na mkaa ndio siri kubwa kwa sababu mkaa hauozi kirahisi, unakaa ardhini mamia ya miaka mpaka maelfu, na kingo zake zikishachakaa zinashika virutubisho mvua isiviondoe, wakati udongo wa jirani unaachia kila kitu. Kuna vipimo vilivyokuta mkaa kwenye terra preta mara 70 zaidi ya udongo wa pembeni yake. Vipande vingi vya udongo huu vina umri kati ya miaka 2,500 na 500 hivi, ingawa kule juu ya mto Madeira vipo vya zamani zaidi ya hapo. Vingine havifiki hekta 2, vingine vinapita hekta 20, na vimetapakaa kwenye bonde zima hasa kwenye miinuko inayotazama mito mikubwa. Kila kipande ni mahali watu walipika, wakala, wakazaa, wakazika.

Kwa hiyo swali la haki ni hili, kama ushahidi uko chini ya miguu namna hiyo, ilikuwaje dunia ikaamini hakukuwa na watu?

Hapa turudi mwaka 1542. Francisco de Orellana na Wahispania wenzake wasiozidi 60 walikuwa wametengana na kundi kubwa la Gonzalo Pizarro, wakashuka na mto kutafuta chakula, wakashindwa kurudi kwa sababu maji yalikuwa yanawasukuma, wakaamua liwalo na liwe, wakaenda mpaka Atlantiki, wakafika baharini Agosti mwaka huo. Katika msafara alikuwemo mtawa Mdominika anaitwa Gaspar de Carvajal, akaandika aliyoyaona, huyo mtawa alipigwa mshale akapoteza jicho njiani kwa hiyo sio mtu aliyekuwa anatazama kwa mbali. Anasema walipita makazi yaliyoshikana nyumba kwa nyumba kwa ligi tano bila nafasi katikati, hiyo ni zaidi ya kilometa 20. Anataja barabara pana zinazoingia bara, kobe waliofugwa kwenye mabwawa, vyungu vya rangi ambavyo alisema vile vya Malaga kwao Hispania havifui dafu. Anataja pia wanawake waliokuwa wanapigana mstari wa mbele, na ndo hao waliofanya mto upewe jina la Amazon kutoka hadithi za Wagiriki.

Hao wanawake ndo walimharibia. Watu waliposikia habari za wapiganaji wa kike wakasema basi mtawa katunga yote, na simulizi lake kamili lilikaa bila kuchapishwa mpaka 1895 alipolitoa msomi wa Chile José Toribio Medina. Miaka 350. Na kibaya zaidi, waliokuja nyuma yake walikuta kitu kingine kabisa. Mwaka 1639 msafara wa Pedro Teixeira ulikuwa bado unasimulia vijiji vingi, lakini ilipofika 1743 Mfaransa La Condamine akishuka mto huohuo aliona kingo zimekuwa kimya, watu wachache wachache kwenye misheni. Katikati hapo ndui, surua na mafua yalipita, magonjwa ambayo miili ya wenyeji haikuwahi kukutana nayo, na yalikuwa yanatangulia mbele kuliko Wazungu wenyewe, mtu anaambukizwa pwani anakimbilia kwa ndugu zake bara anakwenda kumaliza kijiji ambacho hakijawahi kumwona Mreno hata mmoja. Juu ya hapo misafara ya kukamata watumwa kutoka Belém, mji wa Wareno karibu na mdomo wa mto, ilikuwa inapanda mito miaka nenda rudi. Waliopona walikimbilia vijito vya juu wakagawanyika vikundi vidogovidogo wakawa wanahamahama. Halafu wanasayansi wa karne ya 19 na ya 20 wanafika, wanakuta vikundi vidogo vinavyohamahama, wanaandika kwamba hivi ndivyo watu wa msitu walivyo tangu zamani. Walikuwa wanawatazama manusura wakadhani wanatazama mwanzo wa binadamu. Mimi hapa huwa nasimama kila nikisoma, inauma.

Hilo wazo lilipata nguvu ya kisayansi kupitia mwanaakiolojia Mmarekani Betty Meggers, na tusimwonee, hoja yake ilikuwa na mantiki. Yeye na mumewe Clifford Evans walichimba kisiwa cha Marajó pale mdomoni mwa mto mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1954 akaandika kwamba mazingira ndiyo yanaweka dari, udongo wa msitu wa mvua ni maskini, mavuno yanashuka baada ya miaka miwili mitatu, kwa hiyo jamii kubwa yenye wakuu na mafundi haiwezi kujisimamia pale. Mwaka 1971 akatoa kitabu kizima akiita Amazon paradiso bandia, inaonekana tajiri ila ukiilima inakugeuka. Vyungu vya kupendeza vya Marajó akavielezea kwamba wenyewe walitoka milima ya Andes, wakafika pale, mazingira yakawashinda wakaporomoka. Kuhusu udongo mwekundu alikuwa sahihi kabisa. Alichokosea ni kudhani watu wanaupokea udongo kama ulivyo na hawana la kuufanya.

Aliyempinga kwa nguvu ni mwanamke mwingine, Anna Roosevelt. Huyu alirudi Marajó miaka ya 1980 na vifaa vya kupima chini ya ardhi bila kuchimba, akakuta vile vilima vilivyojengwa na watu vilikaliwa muda mrefu sana, utamaduni wa Marajoara ulidumu takriban kuanzia mwaka 400 mpaka 1300 BK, miaka mia tisa, hao sio watu walioshindwa. Halafu pale Taperinha karibu na Santarém, kwenye rundo la magamba ya kome wa mtoni, akapata vyungu vya miaka 7,000 mpaka 8,000, vya zamani kuliko vya Andes na Mexico, yaani ufinyanzi katika mabara ya Amerika ulianza mapema kabisa huku msituni, tofauti na ile hadithi kwamba kila kitu cha maana kilishuka kutoka milimani. Kwenye pango la Pedra Pintada, Monte Alegre, akakuta michoro na mabaki ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, wanakula samaki, matunda ya michikichi na njugu za Brazil.

Tukishafika kwenye chakula lazima tuongelee muhogo, mana huu mmea ndio jibu la nusu ya swali la Meggers. Muhogo tunaoujua wote ulianza kulimwa kusini magharibi ya bonde la Amazon, na kule Llanos de Mojos ya Bolivia zimepatikana chembe ngumu za silika ambazo mmea unaziacha ukishaoza, zinaonyesha watu walikuwa na muhogo miaka kama 10,350 iliyopita na maboga karibu wakati huohuo. Wareno ndio waliouvusha bahari karne ya 16. Sasa watu wa Amazon wengi hawakung'ang'ania muhogo mtamu, walipanda zaidi ule mchungu wenye sumu ya sianidi, na watu hushangaa kwa nini mtu apande sumu. Fikiria vizuri, panya hawali, wadudu hawali, unavumilia udongo mbovu, na mzizi unakaa ardhini miezi na miezi kama ghala bila kuoza. Kazi iko kwenye kuutoa sumu. Unaumenya, unaukwaruza kwenye ubao uliochomekwa vijiwe vikali au meno, unapata rojo nyeupe, rojo hiyo unaijaza kwenye tipiti, hiki ni kifuko kirefu cha kusukwa kwa makuti kirefu karibu kama mtu, unakining'iniza kwenye boriti na chini unapitisha mti, unaukalia. Kifuko kikivutika kinajinyonga chenyewe, maji ya njano yenye sumu yanachuruzika kwenye chungu, na hayo maji nayo hayamwagwi, yanachemshwa mpaka sumu iishe yanakuwa mchuzi. Unga unaobaki unakaangwa kwenye sahani kubwa ya udongo. Ndiyo maana wanaakiolojia wakikuta vigae vya masahani mapana bapa hawavipiti hivihivi. Huo ni ujuzi wa kemia uliopatikana kwa kujaribu vizazi kwa vizazi, na waliojaribu wengi wao walikuwa wanawake.

Na hawakuishia shambani, msitu wenyewe waliupanga. Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Carolina Levis ilichukua orodha za miti kutoka viwanja zaidi ya 1,000 vya utafiti, wakaangalia aina 85 za miti ambazo wenyeji walikuwa wameshaanza kuzifuga kabla ya Wazungu, kama vile kakao, asai, mpira, mnjugu wa Brazil. Aina 20 kati ya hizo ziko kwenye kundi la miti inayotawala Amazon yote, na zinakuwa nyingi zaidi kadiri unavyokaribia maeneo yenye mabaki ya kale. Maana yake mtu anaweza kutembea kwenye kile anachokiita pori la asili na kumbe yuko kwenye bustani ya zamani ambayo mwenyewe hayupo.

Haya, sasa tuje kwenye miji, ndio sehemu iliyosambaa sana mtandaoni na ndiyo iliyovurugwa zaidi. Kilicholeta mapinduzi ni laida. Helikopta au ndege inapita juu inapiga leza maelfu kwa maelfu kila sekunde, nyingi zinagonga majani zinarudi, chache zinapenya kwenye matundu zinagusa ardhi ndo zinarudi, halafu kompyuta inafuta kila kilichorudi kutoka kwenye miti na kubakiza ngozi ya ardhi. Tuta la nusu mita ambalo ungelikanyaga bila kujua linajitokeza wazi.

Mwaka 2022 Heiko Prümers na wenzake walitoa matokeo ya Llanos de Mojos, Bolivia, kwenye utamaduni unaoitwa Casarabe, ulioishi kati ya mwaka 500 na 1400 BK. Eneo moja, Cotoca, lina hekta 147, jingine Landívar hekta 315, kuna majukwaa makubwa ya udongo yamepangwa kwa ngazi na juu yake piramidi za mviringo zinazofika mpaka mita 22, njia zilizoinuliwa zinatoka pale zinanyooka kilometa kadhaa kwenda makazi madogo, kuna mifereji na mabwawa. Hii sio sehemu ya msitu mnene muda wote, ni mbuga inayofurika nusu mwaka na kukauka nusu mwaka, kwa hiyo kazi yao kubwa ilikuwa kuyapanga maji, mahindi walilima kwenye mashamba yaliyotolewa maji kwa mifereji.

Januari 2024 ikaja Upano, hii ni Ecuador, chini ya milima ya Andes karibu na volkano Sangay. Stéphen Rostain alikuwa anafanya kazi pale tangu miaka ya 1990 kwa miguu na koleo, laida ilipokuja ikaonyesha kwenye kilometa za mraba 300 majukwaa ya udongo zaidi ya 6,000, yamekaa kwa makundi kuzunguka viwanja, na barabara zilizochimbwa zinanyooka kilometa nyingi, zikikuta kilima zinakipanda badala ya kukizunguka. Katikati ya makazi ni mashamba yenye mitaro. Umri wake, kuanzia karibu mwaka 500 KK mpaka kati ya 300 na 600 BK. Watafiti walikadiria wakazi wasiopungua 10,000.

Ukitazama miaka utaona Upano iliisha wakati Casarabe inaanza au inakua, na kati yao kuna zaidi ya kilometa 1,500. Hawa hawakujuana. Ni makosa kusema "ustaarabu wa Amazon uliogunduliwa" kama vile ni mmoja. Na jambo jingine linalosahaulika, yote mawili yaliisha kabla ya Orellana. Sio kila hame la Amazon ni la ndui, watu walikuwa na historia yao ya kupanda na kushuka kama watu wote duniani, ukame, mafuriko, vita, kuhama. Waliokutwa na magonjwa ni wale wa kingo za mto mkubwa aliowaona Carvajal, na watu kama wa Xingu ya juu.

Hao wa Xingu kwangu ndio kipande bora kuliko vyote. Kule Mato Grosso, Brazil, Michael Heckenberger alikaa na jamii ya Wakuikuro akipima mahame yao, moja wanaliita Kuhikugu. Akakuta vijiji vikubwa vyenye uwanja wa duara katikati, handaki kuzunguka, barabara pana zilizonyooka zinazounganisha kijiji na kijiji kwa mpango mmoja, kilele chake kati ya mwaka 1250 na 1600 hivi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2003, chifu Afukaka Kuikuro alikuwa mmoja wa waandishi. Na ilikuwa haki yake, mana vijiji vya leo vya Wakuikuro bado vina uwanja wa duara na barabara zinazotoka kwa mielekeo ileile, kwa hiyo kusoma hame walihitaji mtu anayeishi kwenye kijiji.

Acre, magharibi ya Brazil, ni kisa kingine tena. Kuna michoro mikubwa ya ardhini zaidi ya 450, miduara na miraba ya mitaro yenye upana wa mita mpaka 11 na kina mpaka 4, na imeonekana kwa sababu msitu umekatwa kwa ajili ya ng'ombe. Ndani yake vyombo vya nyumbani ni vichache sana, inaelekea watu walikuwa wanakusanyika kwa ibada wanaondoka. Jennifer Watling na wenzake walichunguza mkaa na chembe za mimea humo wakakuta msitu haukuwahi kufyekwa wote, ulikuwa wa mianzi, waliupunguza kidogo kidogo kwa muda na michikichi ikaongezeka. Kwa hiyo mtu akikwambia "hata wenyeji walikata msitu, basi na sisi tukate", mwoneshe Acre.

Ubishi bado upo na ni mkali. Dolores Piperno, Crystal McMichael na Mark Bush wanasema tusitoke kwenye kosa moja tukaangukia jingine, kwamba watu walijaa kingo za mito na maeneo fulani lakini katikati ya mito kuna msitu mpana ulioguswa kidogo sana, na mwaka 2021 Piperno, McMichael na wenzao wengine walionyesha sehemu ya kaskazini mashariki ya Peru ambayo kwa miaka 5,000 haina dalili ya kufyekwa. Nawaamini katika hilo, bonde la ukubwa ule haliwezi kuwa na sura moja. Upande mwingine wapo waliochapisha mwaka huohuo kwamba rutuba ya terra preta kwa sehemu ni tope lililoletwa na mto kabla ya watu, wanaakiolojia wengi wakawajibu vikali, na jibu linaloniingia akilini ni kwamba udongo ule mwingi uko juu ya miinuko ambayo mafuriko hayafiki, tena umejaa vyungu kutoka juu mpaka chini. Idadi ya watu nayo, wengi siku hizi wanataja milioni 8 mpaka 10 kabla ya Wazungu, lakini ni makadirio. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa laida ulipitia kilometa za mraba 5,315, ambayo sio hata asilimia moja ya bonde, ukapata kazi za udongo mpya 24, na kwa hesabu zao zaidi ya 10,000 bado zimefichwa chini ya miti.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wasomi. Lakini neno "tupu" lilifanya kazi. Mwaka 1970 rais wa kijeshi wa Brazil, Emílio Médici, akizindua barabara ya Transamazônica aliahidi ardhi isiyo na watu kwa watu wasio na ardhi. Barabara ikapita kwenye ardhi za watu, na magonjwa yakarudi kuua kama karne ya 16. Mpaka juzi hapa mabishano ya marco temporal ni yaleyale, hoja kwamba wenyeji wadai tu ardhi waliyokuwa wameishikilia tarehe 5 Oktoba 1988 siku katiba ilipotangazwa. Mahakama ya juu iliikataa Septemba 2023, bunge likapitisha sheria ya kuirudisha kabla mwaka haujaisha. Unapomwambia mtu athibitishe alikuwepo mwaka 1988, huku chini ya nyumba yake kuna mita 2 za jivu la bibi zake, ujue mwanaakiolojia ataitwa kutoa ushahidi.

Oktoba ya mwaka huohuo wa 2023 ukame ulishusha Rio Negro kuliko rekodi zote zilizokuwepo mpaka wakati huo, na pale Ponto das Lajes, Manaus, miamba iliyokuwa chini ya maji ikatoka nje ina nyuso za watu zimechongwa, macho ya duara, midomo, nyingine kama zinacheka nyingine zina huzuni. Pembeni yake kuna michirizi mirefu laini kwenye jiwe, ndipo walipokuwa wananolea shoka. Juu yake kwenye ukingo ni hame lenye udongo mweusi.

Na kule Xingu kazi inaendelea. Mwanamke wa Kikuikuro akimaliza kukaanga unga wake anazoa majivu na mkaa anayatupa nyuma ya nyumba, maganda yanafuata, miiba ya samaki inafuata, rundo linakua duara kuzunguka kijiji. Wengine wanabeba majivu hayo kwa makusudi kuyamwaga shambani. Udongo unaotokea wanauita eegepe, na wameeleza wazi kwamba wanautengeneza, hawaupati kwa bahati. Mwaka 2023 Morgan Schmidt na wenzake walipima eegepe ya vijiji vya sasa wakalinganisha na ya mahame ya karne nyingi zilizopita, mpangilio ni uleule, viambato ni vilevile. Mazao yasiyokubali udongo mwekundu wanayapeleka huko, kwenye viwanja vya mababu zao, ndiko wanakolima.